Siku ya Posho

Lubumbashi hatusemi Jumamosi.
Tunasema siku ya posho,
tangu babu zetu walipopanga foleni machimboni
kupimiwa unga, maharage, samaki mkavu,
na mpimaji akipitisha kisu juu ya kopo
lisizidi hata punje.

Siku ya posho nafungua sinagogi.
Nafuta vumbi jekundu, safu kwa safu,
vumbi lisilojua kiti kipi hakina mtu tena.
Wanakuja saba. Mwaka jana walikuwa tisa.
Sheria yao yataka wanaume kumi
ndipo kitabu kitolewe kabatini,
na mimi, mwaka wa thelathini na mmoja hapa,
nasimama kizingitini na ufunguo
wala sihesabiki.
Sina kinyongo. Kesho yake, kwetu Katuba,
Bwana Bohor naye hahesabiki.

Siku moja nilimsomea, kwa Biblia yangu,
habari za mana: foleni ya jangwani,
pishi moja kwa kila kichwa,
siku ya sita pishi mbili, ili ya saba wapumzike.
"Hiyo ni yetu," akasema.
"Naijua," nikasema.
Tukanyamaza
kama wanaume wawili walioshika shati moja.

Bohor, aliniambia, maana yake kifungua mimba.
Nikacheka: basi mimi kitinda mimba.
Hakucheka.
"Kitinda mimba," akasema kwa Kiswahili chake cha dukani,
"ndiye aliyechukua nyumba."

Najua nyumba inavyochukuliwa.
Ndugu yangu Kaimba alianza kwa kukaa benchi la nyuma.
Zaburi zile zile, sala zile zile,
amina yake ikitangulia yetu.
Kisha wakamjia watu wa ng'ambo ya reli,
wakauliza: lazima tusome katekisimu miaka miwili?
Akajibu: hapana.
Neno jepesi, unyoya wa kuku.
Mwaka wa tatu tulikuwa na kengele mbili.
Mwaka wa nne alihubiri
kwamba sisi hatujawahi kumjua Mungu.

Huko kwao nadhani ilikuwa hivyo.
Wayahudi kati ya Wayahudi
wakipanda hekaluni saa ya sala,
wakigombania Masihi kama ndugu wanavyogombania shamba,
jioni wakirudi chungu kimoja.
Halafu swali la nyama. Halafu la govi.
Halafu mgeni akae meza gani.
Halafu Roma ikachoma Hekalu,
kila mmoja akaokoa alichoweza kubeba,
huyu kitabu, yule meza,
na hakuna aliyeandika tarehe ya kuachana.
Siku ilisogea tu, toka posho hadi kesho yake.

Mdogo alipopewa upanga wa mfalme
alimsahau aliyemfundisha zaburi.
Bwana Bohor ana majina ya shangazi na wajomba
waliochukuliwa kisiwani Rodo kwa meli, kisha kwa treni.
Huyasoma bila miwani.
Sijamuuliza wenye treni walibatizwa lini.
Najua walibatizwa.

Mwezi wa nne alinipa kipande cha mkate wao,
bapa, mkavu, wenye madoa ya moto,
usioonja chachu.
Nikauweka ulimini,
macho yakafumba, mikono ikajikunja kifuani
kama ninavyofanya mbele ya padri.
Unga na maji. Unga na maji tu.
Ulimi ulimtambua ndugu kabla yangu.

"Vipi?" akauliza.
Nikasema unahitaji chumvi.
Safari hii alicheka, akakohoa, akacheka tena.

Kilichobaki nilikifunga kwa gazeti, nikatia mfukoni.
Njia yangu ya kurudi hupita mlangoni kwa Kaimba.
Taa ilikuwa inawaka, wanasali.
Nilisimama kidogo.
Sikugonga.
Mkate ulikuwa ukivunjika mfukoni
kila hatua.